Mke Mwenza wa Kona ya Kushoto

Baba yangu aliondoka kwetu siku ya Jumatatu kwenda kutibiwa macho, akaniachia maagizo ya kurasa nne za daftari la hesabu. Kurasa tatu na nusu zilihusu tangi la samaki. Nusu iliyobaki ilihusu namna ya kumfikia mdogo wangu, ambaye anaishi karibu na hospitali ya macho na ndiye angempokea. Mimi mwenyewe, binti yake wa kwanza, muuguzi wa kliniki ya chanjo kwa miaka kumi na tisa, nilitajwa mara moja tu: "Mtoto asitie mkono wenye sabuni ndani ya maji." Huyo mtoto ni mimi. Nina miaka arobaini na minne.

Tangi lenyewe lilihamia kwetu miaka sita iliyopita pamoja na baba, mama alipofariki. Ni refu kuliko kochi, nalo limekaa ukutani pale ilipokuwa televisheni, kwa sababu tulipiga kura na baba akashinda kwa kura moja, ya kwake. Ndani yake kuna maji ya chumvi ambayo baba huyachanganya mwenyewe na kuyapima kama dawa, mawe, konokono, samaki wawili wa rangi ya chungwa, mmoja wa njano anayemchukia kila mtu, na matumbawe. Nilikuwa nadhani matumbawe ni mawe ya urembo. Baba, ambaye alifundisha hesabu miaka thelathini na hajawahi kuacha kufundisha, alinisahihisha mbele ya wageni: ni wanyama, wana midomo, wanakula.

Mmoja kati ya wanyama hao alikuwa na jina. Baba alimkuza kutoka kipande cha ukubwa wa kidole gumba, na kila jioni alimlisha kwa mrija wa plastiki, tone moja moja, huku akimpa habari za siku. Mama akamwita Mke Mwenza. "Watu wengine wanaolewa mitala na wanawake wenzao," alikuwa akiwaambia majirani, "mimi nimeolewa mitala na jiwe." Siku baba alipohamia kwetu, samaki walikuja kwenye ndoo nyuma ya gari. Mke Mwenza alikuja kwenye ndoo yake peke yake, mapajani mwa baba.

Kisha macho yakaanza kumwacha. Mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa akimimina chai pembeni ya kikombe, akamwamkia mume wangu "hujambo binti", na bado akasisitiza kwamba taa zetu ndizo hafifu. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu kumshawishi apasuliwe. Hatimaye akakubali kwa sababu moja, na akaitamka mlangoni akiwa ameshika begi.

"Mke Mwenza ninamwona kama moshi tu," akasema. "Nikirudi, kitu cha kwanza nitakachokitazama ni yeye. Nataka nimwone vizuri tena kabla sijafa. Mtunze, mwanangu."

"Usijali kabisa, baba," nikamjibu, bila kumuuliza ni yupi. Humo ndani kulikuwa na matumbawe kama manane. Mimi nilichukulia kwamba Mke Mwenza ni lile kubwa la zambarau katikati, kwa sababu ndilo zuri, na ningekuwa mwanamume ndilo ningelioa.

Wiki ya kwanza nilifuata daftari neno kwa neno. Siku ya sita nikaona kitu kwenye kona ya kushoto, nyuma ya pampu, mahali ambapo mtu hatazami mpaka ainame. Kilikuwa na rangi ya chai iliyokaa, kina urefu wa kiganja, na vidole vingi vyembamba vikipepea. Kando yake kulikuwa na vingine vitano vidogo vya aina ile ile, na kimoja kilikuwa kimefika hadi kwa yule wa zambarau na kumgusa ubavuni. Upande ule alioguswa ulikuwa umenywea. Nikapiga picha, nikamtumia Bwana Chumvi, muuza samaki wa mapambo ambaye baba anamwamini kuliko daktari.

Majibu yalikuja baada ya nusu saa: "Pole dada. Hao ni anemoni, wanyama wa baharini. Kwenye tangi ni magugu, wanachoma matumbawe mpaka wafe. Usiwaguse kwa chochote, njoo dukani kwanza."

Nusu saa ni muda mrefu ukiwa umeolewa na kinyozi. Mume wangu amenyoa watu miaka ishirini, na katika muda huo amefikia hitimisho kwamba kitu chochote kinachoota mahali pasipotakiwa kinatibiwa kwa wembe. Nilipotoka jikoni nikamkuta amekunja mikono ya shati hadi mabegani, mkono mmoja uko ndani ya maji, ananyoa. Alianza na lile kubwa, akalikata usawa wa jiwe. Akamalizia vile vidogo kwa vipigo vya haraka, kama ndevu za shingoni. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kukagua kazi. Kilichokosekana ni kioo cha kuwaonyesha kisogo.

"Safi," akasema. "Hapo hata baba mkwe atashukuru."

"Bwana Chumvi amesema usiguse."

"Amechelewa, Sista." Sista ndilo jina langu tangu tuchumbiane, na hulitumia zaidi akiwa amekosea.

Siku ile pampu ilifanya kazi yake vizuri, ikasambaza vile vipande kila pembe ya tangi. Baada ya siku kumi nilikaa chini nikahesabu. Anemoni walikuwa sitini na watatu. Wako juu ya mawe, chini ya mawe, kwenye bomba, kwenye kipimajoto, na mmoja alikuwa ameota juu ya konokono, anatembezwa. Lile kubwa nyuma ya pampu lilikuwa limeota upya kutoka kwenye kisiki chake, limenenepa na lina afya njema.

Tulikwenda dukani pamoja. Bwana Chumvi alitazama picha mpya, akavua miwani.

"Nani kakata?"

Mume wangu akaanza kusoma lebo ya chakula cha kasa.

"Kila kipande kinakuwa anemoni kamili," Bwana Chumvi akasema taratibu, kama anayetoa taarifa ya msiba. "Hata kipande cha ukucha. Wewe kaka hujawaua, umewazalisha."

Akatupatia kamba wanne wadogo wenye mistari myekundu, ambao, alisema, hula anemoni. Labda kwingine. Hawa wa kwetu walikula chakula cha samaki, chakula cha konokono na ngozi ya kidole changu, wakawapita anemoni kwa heshima zote. Baada ya wiki nzima ya ukarimu huo tulirudi, na ndipo Bwana Chumvi aliponipa njia ya mwisho: sindano. Unachukua maji ya limau, unamsogelea anemoni polepole asishtuke akajificha kwenye tundu, unamchoma mdomoni, unasukuma kidogo. Si zaidi ya watano au sita kwa siku, maji yasije yakachachuka na samaki wakaondoka nao.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mtu anayechanja watoto mia kwa siku, watoto wanaopiga mateke na mama zao wanaolia kuliko wao, hatashindwa na kitu kisicho na miguu. Kila jioni nilivaa glavu, nikapiga magoti mbele ya tangi, nikawachoma kwa zamu. Wale wadogo walinywea palepale. Lile kubwa nyuma ya pampu nililichoma siku tatu mfululizo, na siku ya tatu likageuka kamasi, likasambaratika. Nakiri nilifurahi. Nilimwita mume wangu aje kutazama.

"Mimi nanyoa, wewe unachoma," akasema. "Tufungue ofisi."

Wakati wote huo baba alipiga simu kila siku saa saba mchana, nikiwa kwenye mapumziko. Hakuniuliza hali yangu hata mara moja. Jicho la kwanza limepasuliwa, linaendelea vizuri, basi. Sasa tuzungumze mambo ya maana.

"Mke Mwenza anakula?"

"Anakula, baba. Amependeza." Nilikuwa nikimtazama yule wa zambarau kila asubuhi, naye kweli alikuwa amependeza, ubavu umejaa tena.

"Amenyoosha vidole?"

"Vyote." Wa zambarau hana vidole, ana kitu kama mikunjo ya sketi. Lakini baba alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa na foleni ya watoto.

Wiki ya sita, Jumatano, nilimchoma anemoni wa mwisho, yule wa mgongoni kwa konokono. Nilikagua kila jiwe kwa tochi. Tangi lilikuwa safi kama siku ya kwanza. Mume wangu alinipigia makofi, nami nikayapokea.

Kesho yake simu ya saa saba ikaja, na baba alikuwa na sauti ambayo sijaisikia tangu mama alipokuwa hai. Jicho la pili lilikuwa limekaa sawa. Alinisomea bango la ng'ambo ya barabara, hadi namba ya simu iliyoandikwa chini kwa maandishi madogo. Alinisomea tarehe ya kuharibika kwa dawa ya meno. Jumamosi angerudi.

"Sasa nisikilize," akasema. "Ijumaa usimlishe Mke Mwenza. Nataka nimkute na njaa, ajitokeze vizuri. Hujamhamisha lakini? Yuko palepale?"

"Palepale, baba. Katikati."

"Katikati wapi? Kona ya kushoto. Nyuma ya pampu."

Nikaweka kijiko chini.

"Yule mwenye vidole virefu," baba akaeleza kwa subira, kwa sauti ya kumsaidia mwanafunzi mzito. "Nikimpa chakula anavifunga vyote kwa pamoja. Mtoto, unanisikia?"

"Nakusikia, baba. Mtandao tu."

Nilirudi nyumbani, nikazima pampu, nikaitoa. Nyuma yake palibaki jiwe tupu. Nilipopangusa ute nikakuta kitu cheupe kimeota juu ya lile jiwe, chembamba, kina mashimo na kuta nyembamba kama mabaki ya mzinga. Nikakipeleka kwa Bwana Chumvi ndani ya kopo.

"Huu ni mfupa wa tumbawe," akasema. "Aina nzuri hii, wana vidole virefu vya kijani, adimu kweli. Huyu kafa siku nyingi. Tazama hii kutu ya mwani, ni miaka mitatu hii, au zaidi. Anemoni alimchoma, akamuua, akakaa juu ya mifupa yake. Kwa mtu asiyeona vizuri hawatofautiani sana, wote ni vidole." Kisha akanitazama. "Kwani vipi, dada?"

Nikamwambia. Bwana Chumvi ni mtu mzima, hakucheka. Alikwenda nyuma ya duka kwa muda mrefu kidogo, nikasikia anakohoa.

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi. Kwa miaka mitatu baba yangu alikuwa amelilisha gugu kwa mkono wake, akilisimulia habari za siku na kulipenda. Mimi na mume wangu, kwa juhudi na nidhamu ambayo hatujawahi kuionyesha katika jambo lingine lolote, tulikuwa tumeliua. Kesho kutwa alikuwa anarudi na macho mapya kuja kulitazama.

"Tumpe mwingine," mume wangu akasema jioni ile. "Si ni anemoni? Bwana Chumvi hakosi mmoja. Tunamweka palepale, baba anakuja, anamlisha, anafurahi. Nani kaumia?"

Ningependa kusema nilipinga. Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza dukani.

"Dada," Bwana Chumvi akasema, "wiki hizi zote unanunua kwangu vitu vya kuwaua."

"Najua."

"Na sasa unataka mmoja mkubwa, mwenye afya."

"Wa rangi ya chai, ukiweza."

Alinipa bure, yuko juu ya kijiwe chake, ndani ya mfuko wa maji. Alisema hangeweza kumwangalia Mungu akiniuzia. Nilimpandikiza nyuma ya pampu kwa mikono ile ile iliyovaa glavu za mauaji, nikasimama kumsubiri achanue, na alipochanua nikasema, kwa sauti kabisa, "Asante." Nilimshukuru anemoni. Mume wangu alisikia, na mpaka leo hajaliacha lipite.

Jumamosi saa nne mdogo wangu alimshusha baba getini, akaondoka kuwahi kazini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alisimama mlangoni akizungusha kichwa. "Nyumba mmeipaka rangi lini?"

"Haijapakwa, baba. Ni ile ile."

"Kumbe ni chafu namna hii," akasema, na akaenda moja kwa moja kwenye tangi.

Aliinama mikono ikiwa nyuma, kama alivyokuwa akiinamia madawati ya wanafunzi. Samaki wa rangi ya chungwa walimjia kiooni, akawachekea. Akamtazama wa zambarau, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasogea kushoto, akapiga goti moja, akachungulia nyuma ya pampu. Alikaa hivyo muda mrefu. Mume wangu alinikonyeza kwamba mambo yameiva.

"Hili gugu," baba akasema, "nani ameliingiza kwenye tangi langu?"

Mume wangu, mwenye wazo, mwenye mpango, alitazama dari. "Mambo ya majini humu ndani mimi simo, baba. Muulize Sista."

"Wiki sita tu nimewaachia! Miaka thelathini sijawahi kuruhusu anemoni hata mmoja. Mtu yeyote mwenye macho anamjua huyu!" Aliinuka, uso umemwiva. "Na Mke Mwenza yuko wapi?"

Nyuma yake mume wangu alikuwa akinifundisha jibu kwa nyusi: kafa, wiki jana, ugonjwa. Ulikuwa uongo mzuri. Ungempa baba mtu wa kumkasirikia, na mimi ungenipa kosa dogo la kusamehewa. Lakini baba alikuwa akinitazama. Mboni zake zilikuwa nyeusi tena, safi, hazina ule ukungu, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba ndivyo zilivyokuwa. Sikuweza.

"Huyo ndiye, baba."

"Huyo ndiye nani?"

"Ndiye uliyekuwa unamlisha. Mke Mwenza alikufa miaka mitatu iliyopita. Bwana Chumvi ameuona mfupa wake. Anemoni aliota juu yake. Sisi hatukujua, tukamuua yule anemoni kwa sindano ya maji ya limau, halafu ulipotuambia yuko nyuma ya pampu, tukaenda kuomba mwingine tukamweka, ili usijue."

Baba alivuta kiti akakaa. Alitazama kiooni, akatazama viganja vyake, akatazama tena kiooni.

"Kila jioni," akasema. "Nimelisimulia gugu habari za mama yako."

Mume wangu alianza kitu kama kicheko, akakimeza. Akasema ngoja akachemshe maji ya chai, na hilo ndilo jambo pekee la maana alilofanya siku ile.

"Miaka mitatu," baba akarudia. "Mimi nilikuwa sioni. Sawa. Na ninyi?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama anayeuliza hesabu ambayo jibu lake halikubali. Nami nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka sakafu ipasuke, kwa sababu kila Ijumaa kwa miaka sita nimekuwa nikipangusa kioo kile kwa nje, kutoka kulia hadi kushoto, na kila Ijumaa nimeangalia kama kina vumbi. Kila jioni alikaa pale peke yake na mrija wake, na sisi tulipita nyuma yake tukisema jamani mzee na samaki wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuinama.

"Sikutazama, baba," nikasema. "Nisamehe."

Baba aliinuka. Kisha akasema, "Lete hiyo sindano."

Nikaleta, na maji ya limau. Alikunja mkono wa shati, akaingiza sindano majini, akaisogeza. Anemoni akavinyoosha vidole vyake kuipokea. Baba akausimamisha mkono hapo hapo. Akautoa, akanikabidhi ile sindano ikiwa inachuruzika.

"Choma wewe. Ndiyo kazi yako."

Nilichoma. Tulimtazama sote wawili akinywea, polepole, mpaka akaisha. Baba alijipangusa mkono kwenye suruali, jambo ambalo mimi ningelifanya ningeandikiwa ukurasa mzima. Akavuta kiti cha pili karibu na chake, akakipiga kwa kiganja.

"Kaa hapa. Uniambie kingine kilichokufa humu, mimi nikaendelea kukisalimia."

Nikakaa. "Nadhani yule kaa mwekundu uliyekuja naye."

"Kafa lini?"

"Sijui, baba."

"Hujui." Alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo, akanivuta begani nami nisogee. "Basi tuanzie kulia. Mimi nataja, wewe tazama."